Usiguse Faili Hili

Juu kabisa ya faili kuna onyo,
kama kibao kwenye ukuta wenye rangi mbichi:
LIMEZALISHWA. USILIHARIRI KWA MKONO.
Nililiona. Nikalihariri.

Ilikuwa Derby, Jumanne, saa tatu usiku,
mvua ya Novemba kwenye dirisha la ghorofa ya pili,
mimi peke yangu na redieta inayokohoa.
Kosa lilikaa mstari wa elfu mbili mia sita na nne:
ishara namba kumi na nne ilikubali kuwa kijani
ilhali behewa la mwisho lingali juu ya makutano.
Kwenye skrini tu. Hakuna aliyekufa.
Nikaongeza sharti, maneno matatu na nukta mkato,
nikafunga koti, nikapanda basi
nikijiita fundi.

Asubuhi jenereta ilikuwa imepita,
si ile ya dizeli; hii hula sentensi na kutapika msimbo.
Sharti langu halikuwapo.
Halikuacha hata kovu.

Gethin Prosser, anayetufundisha, hakucheka sana.
Alichovya biskuti kwenye chai mpaka ikakatika,
akaitazama ikizama.
"Siwema, faili lile halina mwandishi.
Nenda kwenye sentensi iliyolizaa."

Sentensi! Wameunda kijilugha cha maneno thelathini na moja.
Hakina salamu, hakina matusi,
hakina neno la njaa.
Kinajua reli, swichi, makutano,
kinajua *mpaka*, kinajua *kamwe*.
Ukikitajia upendo, kinaupigia mstari mwekundu.

Wakamwita Baljit,
aliyeendesha treni za mizigo miaka kumi na tisa.
Msimbo haujui, na hataki kuujua.
Akasoma kijilugha kwa kidole, midomo ikicheza,
kidole kikasimama.
"Hapa mmepitisha kichwa," akasema.
"Mkia je?"

Nikaandika *mkia*. Neno moja.
Nikabonyeza,
na mistari elfu nne ikajiandika upya kabla sijameza mate.
Sharti langu lilirudi pale pale, kwa mwandiko usio wangu,
na mahali pengine kumi na moja
ambapo sikujua kuna kidonda.

Usiku sikulala. Nilikuwa nahesabu viti.
Kiti kile kirefu kimevunjika.
Badili kichwa tu, sema *viti*,
na vile, na virefu, na vimevunjika
vinafuata vyenyewe, hakuna anayevisukuma.
Mama hakunichorea jedwali la ngeli.
Alikuwa akisonga ugali na kulalamika,
na kanuni ikaingia na moshi.
Kumbe nilikuwa na jenereta kinywani
kabla sijajua kufunga viatu.

Na Tunu wangu, aliyezaliwa hapa,
husema *viti kile*.
Ninamsahihisha neno kwa neno, jioni kwa jioni,
naye anaitikia, anarudia, anapata.
Asubuhi anaamka nalo tena,
jipya, limetoka tanuri lile lile.
Miaka minne nimehariri faili
lenye onyo kwenye paji la uso.

Basi siku hizi simkatizi.
Ninakaa naye sakafuni na kikapu cha nguo,
ninalalamika kwa sauti kama mama:
kikombe hiki kichafu kimeachwa na nani,
vijiko hivi vyote vimetoka wapi.
Simfundishi. Ninaongea tu, naongea mno,
jirani wa chini ameshagonga dari.

Juzi alirudi kutoka shule, maji yakimchuruzika,
akasimama mlangoni:
"Mama, viatu vyangu vimelowa.
Na visoksi vyangu."

Sentensi ile sikuwahi kumpa.
*Visoksi*: amekosea,
au ameona kuwa soksi zake ni ndogo?
Kanuni inaruhusu yote mawili.
Ulimi wangu ulikuwa umeshainuka.
Nikaushusha,
nikamvua moja, nikaikamua, kisha ya pili.